Chupa Tatu kwa Kadi ya Mkamwana

Kadi ya bima iliyoniponya haikuwa yangu. Picha ilikuwa yangu, na jina langu, Leokadia, lilikuwa limeandikwa bila kosa, lakini mwanachama mwenyewe alikuwa Stela, mke wa mwanangu Deo. Stela ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwezi bima hukatwa kwenye mshahara wake, na utaratibu unamruhusu kuandikisha wategemezi: mume, watoto, wazazi wake au wazazi wa mume. Wazazi wake walikuwa wameshafariki, akaniandika mimi. Siku aliponiletea kadi nilicheka, nikamwambia, "Mwanangu, umepoteza nafasi bure. Mimi mtu wa Muze, hata mbu wamenichoka." Nilikuwa na miaka hamsini na sita, na nilikuwa sijawahi kulazwa hospitali tangu nilipomzaa Deo.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya watu ninaowakuta kwenye benchi la kliniki. Wamekunja makaratasi yao mara nne, hawamuulizi mtu kitu. Nami nilikaa hivyo hivyo. Muuguzi aliniomba nizungumze nao, lakini mbele ya watu maneno hunikimbia, na mengine yaliyonipata siwezi kuyasema huku namtazama mtu usoni. Mambo ya virusi waulizeni madaktari. Mimi nitaeleza jinsi nilivyongoja.

Ilianza wakati wa kuvuna maharage. Baada ya mume wangu kufariki nilikuwa nimepanda juu kutoka Muze, kule bondeni, kuja kuishi na Stela na watoto pale Kasense, kando ya mji wa Sumbawanga. Deo alikuwa na biashara ya samaki kule Kabwe, ziwani. Alikuwa anakuja nyumbani kila baada ya wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mwaka huo, nikiwa napiga maharage uani, mwili ulianza kuniwasha viganjani na chini ya nyayo. Nikasema ni vumbi. Nikioga, inawasha. Nikipaka mafuta, inawasha. Halafu nikaanza kuchoka uchovu ambao sikuwahi kuujua. Nainua fimbo mara kumi, nakaa. Samaki anayeletwa na Deo, niliyekuwa nampenda kuliko nyama, sasa nikisikia harufu yake natoka nje. Jioni miguu inavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki.

Stela ndiye aliyeniona. Alikuwa anasahihisha madaftari mlangoni, akainua kichwa. "Mama, hebu geukia huku kwenye mwanga." Akanitazama macho kwa muda. "Kesho hatuendi shamba. Kesho tunakwenda hospitali."

Ilikuwa Juni, na wanaojua Sumbawanga wanajua upepo wa Juni. Benchi la maabara liko nje, ukutani. Nilikaa pale siku mbili tofauti, tangu asubuhi hadi saa nane, nimejifunga vitenge viwili. Siku ya pili mama mmoja nisiyemjua alinisogezea nusu ya blanketi lake juu ya magoti, na hatukusemeshana mpaka alipoitwa jina lake. Sikumwona tena. Mpaka leo namwombea.

Daktari alikuwa kijana. Aliniamkia kwanza, akafunga mlango, kisha akasema, "Mama, una homa ya ini, aina ya C."

Nilisikia "homa ya ini" tu. Kule Muze tulikuwa na jirani aliyevimba tumbo, akakonda mikono na miguu, na kati ya Krismasi na Pasaka tukamzika. Daktari akaendelea kusema, mimi namwona yule jirani. Ilibidi Stela anishike mkono. "Msikilize, Mama. Anasema inatibika."

"Inatibika," daktari akarudia. "Hii aina ya C ina vidonge vinavyoimaliza kabisa. Lakini kuna vipimo vingine kwanza, na kuna mambo ya bima."

Nikamuuliza nimeipata wapi. Akasema inaweza kuwa damu niliyoongezewa zamani, kabla vipimo havijawa kama vya sasa, au sindano, au wembe wa kuchanjia. "Hatutajua, mama, na kujua hakutakusaidia." Niliwahi kuongezewa damu mara moja tu maishani, siku niliyomzaa Deo. Hilo sikulisema nyumbani.

Tuliporudi nilichukua kikombe changu, nikakifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake ili wajukuu wasikitumie. Stela alikiona kabatini. Alikuwa ameshaniambia kwamba daktari amesema ugonjwa huu hauambukizi kwa kikombe wala sahani wala kukumbatiana, bali kwa damu, kwa hiyo nisiazimane wembe na mswaki, basi. Hakunigombeza. Alijaribu kufungua lile fundo kwa vidole, likakataa, akalikata kwa meno yake. Halafu akachota maji kwa kikombe hicho hicho akanywa mbele ya watoto.

Damu yangu ilipelekwa Mbeya, na mimi mwenyewe nikapelekwa mara moja kwa barua ya rufaa, kupimwa ini. Majibu yalipotoka daktari alisema virusi ni vingi, ini limeanza kupata makovu, lakini halijaharibika. Tumewahi, alisema. Dawa ni kidonge kimoja kila siku kwa majuma kumi na mawili, chupa tatu. Alipotaja bei ya kujinunulia nilifikiria shamba langu la mpunga kule bondeni, na nikajua hata nikiliuza halitafika. Bima inaweza kulipa, akasema, ila lazima iombwe kibali, na dawa itatolewa chupa moja moja. Kila mwezi kadi itahakikiwa upya dirishani.

Kwenye ofisi ya bima tulipokelewa na dada mmoja mpole. Alinipa kiti, akapitia karatasi zangu moja moja, akauliza, "Mwanachama ni nani wako, mama?"

"Ni mkamwana wangu."

"Bado yuko na mwanao?"

"Yuko."

"Vizuri. Maana wewe unahesabika kupitia ndoa yao. Ndoa ikiwepo, na wewe upo." Akagonga muhuri, akatuambia turudi nyumbani tusubiri simu. Stela alimshukuru, akatoka. Mimi nilibaki nimekaa. Dada akaniuliza kama najisikia vibaya.

Nilijisikia vibaya, ndiyo. Kuna jambo nililijua ambalo Stela hakulijua.

Mwaka mmoja nyuma, wakati wa Pasaka, Deo alinichukua kwenda Kabwe nikaone biashara yake. Tulifikia kwenye nyumba ya bati karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mwanamke kijana akatoka, akapiga magoti, akaniamkia, akaniwekea maji ya kuoga. Jina lake Zuhura. Nilipomaliza kuoga aliniwekea mtoto mchanga mapajani. "Bibi, mpakate mjukuu wako." Nikamtazama Deo, naye akatazama ziwa. Mtoto walimpa jina la marehemu mume wangu, Kalisto.

Nilipaswa kumrudisha mtoto kwa mama yake na kuondoka. Sikuweza. Alikuwa na paji la uso la babu yake. Nilimpakata mpaka akalala, nikarudi Kasense, na Stela aliponiuliza habari za Kabwe nikamwambia kuna joto.

Simu ya kibali ilikuja baada ya wiki tano. Kila ilipolia niliruka, na nyingi zilikuwa za wazazi wa wanafunzi. Ilikuwa Septemba, nyasi zote zimekauka, moshi wa tanuri za matofali umetanda Kasense nzima. Stela alisikiliza, akasema asante mara nyingi, kisha akaweka simu mezani na kufuta macho kwa mkono wenye chaki. Wamekubali.

Kidonge cha chupa ya kwanza nilikimeza kila siku saa moja asubuhi, baada ya uji wa ulezi. Stela alikuwa hatoki kwenda shule mpaka ameona nimemeza. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma na usingizi ukapungua. Wiki ya pili jirani aliniletea mizizi ya kuchemsha. Alikuja kwa mapenzi mema, lakini daktari alikuwa amenikataza mitishamba yote, kwa hiyo nilimshukuru, na nilipokuwa peke yangu nikaimwaga. Wiki ya tatu, asubuhi moja, niligundua nimemenya viazi sufuria nzima bila kujikuna. Nilitazama viganja vyangu kama vya mtu mwingine.

Ni wakati huo huo Stela alipopata habari. Kwenye shule yake alihamia mwalimu aliyekuwa akifundisha mwambao wa ziwa, na katika mazungumzo ya kawaida ya ofisini akamtaja "mke wa Deo wa Kabwe." Stela hakupiga kelele. Alimsubiri mumewe aje, akamuuliza. Deo akakana. Stela akasema, "Basi tuite kikao cha familia, ulikane mbele ya watu."

Siku moja kabla ya kikao Deo alinikuta nyuma ya nyumba, nachambua maharage. Aliniamkia, akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Alikuwa amekonda.

"Mama, kesho watakuuliza wewe. Wanajua ulikwenda Kabwe."

"Najua."

"Useme hukuona kitu."

"Deo, nimempakata yule mtoto."

"Najua, Mama." Akaokota punje ya maharage akaizungusha vidoleni. "Sikuombi kwa ajili yangu. Fikiria mwenyewe. Ukisema, Stela anaondoka. Akiondoka, kadi inakwenda. Umebakiza chupa mbili. Mimi hizo chupa siwezi kuzinunua, hata nikiuza mtumbwi na mashine yake. Nataka upone."

Nilimtazama mwanangu usoni nikitafuta kama ananitisha. Hakuwa ananitisha, alikuwa anaogopa kama mimi, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

Kikao kilikaa Jumapili mchana sebuleni. Alikuja kaka yake Stela kutoka Laela, na kwa upande wetu alikuja mzee Osward, mdogo wa marehemu mume wangu. Deo alisema Zuhura ni mshirika wake wa biashara, watu wa ziwani wanapenda maneno. Osward akanigeukia. "Shemeji, wewe umefika huko. Tueleze."

Stela alikuwa amekaa mkabala nami, mikono juu ya magoti. Alinitazama jinsi anavyonitazama asubuhi nikimeza dawa.

"Nilikwenda kuona samaki," nikasema. "Sikuona kitu kingine."

Hakuna aliyeniuliza zaidi. Mtu mzima amesema. Kaka yake Stela alishusha pumzi, Osward akaomba maji, na Stela akainuka kukusanya vikombe.

Asubuhi yake nilikuta uji wangu mezani kama kawaida, kidonge kimewekwa kwenye kisahani, maji kwenye glasi. Stela amesimama na begi lake la shule begani, anangoja nimeze. Kidonge kilikaa ulimini mpaka kikaanza kuyeyuka. Ninyi mnaomeza dawa hizi mnajua zilivyo chungu.

Chupa ya pili nilipewa bila tatizo. Mhudumu wa dirishani alihakiki kadi, akasema, "Uko vizuri, mama," na mimi nikaona aibu kama nimeiba. Mwili ulikuwa unapona. Niliweza kula samaki tena. Miguu iliacha kuvimba, viatu vyangu vya kanisani vikaniingia. Na kadiri nilivyopata nguvu ndivyo nilivyoshindwa kukaa chumba kimoja na Stela. Akiingia jikoni, natoka. Akicheka na watoto, nasikia kama ananisema. Naye alikuwa amebadilika, anaongea na mumewe kwenye simu kwa upole wa mtu anayejilaumu. Siku moja aliniambia, "Mama, labda nilimwonea Deo." Nikasema nakwenda kuangalia kuku.

Mvua za kwanza zilianguka Novemba. Jumamosi tulitoka wawili kupanda mahindi. Yeye anachimba mashimo mbele, mimi nafuata na mbegu. Katika chupa ya pili vilikuwa vimebaki vidonge vitano. Nilikuwa nimevihesabu asubuhi, nikaweka kifuniko, nikavihesabu tena. Nilijiambia nisubiri chupa ya tatu kwanza. Kisha nikajiambia nikishaipata nitasema nisubiri niimalize, na nikiimaliza nitasubiri kipimo, na mwisho nitakufa mzee nikiwa na ini zima na sijasema.

"Stela," nikasema. "Kule Kabwe kuna mtoto."

Jembe lilishuka, likapanda, likashuka. Alichimba mpaka mwisho wa mstari. Akarudi taratibu akasimama mbele yangu, jasho linamtiririka.

"Anaitwa nani?"

"Kalisto."

"Ulimpakata?"

"Nilimpakata."

"Na siku ya kikao ulinitazama hivi hivi unavyonitazama sasa."

Stela akalisimamisha jembe ardhini, akaenda nyumbani. Saa mbili baadaye aliondoka na watoto kwenda kwa kaka yake Laela. Mjukuu wangu mkubwa, Agnes, wa miaka tisa, aliniuliza kama na mimi nakuja. Mama yake akamvuta mkono.

Nilibaki na kuku. Jumapili kidonge, vikabaki vinne. Jumatatu, vitatu. Simu ilikuwa mezani na sikuthubutu kumpigia, kwa sababu chochote ambacho ningesema, hata "mmefikaje," kingesikika kama naulizia kadi. Nilipika uji, nikaumeza bila kuusikia ladha. Jumanne nilikwenda mpaka njia panda ya hospitali nikasimama pale. Nilitaka kwenda dirishani nikaulize tu kama kadi bado iko hai. Lakini nikiambiwa imefungwa nitafanya nini? Nikarudi. Jumatano kikabaki kimoja.

Mchana wa Jumatano mlango ukafunguliwa. Stela aliingia na matope kwenye viatu, akaweka begi chini, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti.

"Nimepita ofisi ya bima," akasema. "Nimeuliza tena. Nikiachana na Deo, wewe unatoka kwenye kadi."

"Najua, mwanangu. Walituambia."

"Nitaomba talaka. Hilo limekwisha, usinibembeleze."

"Sikubembelezi."

"Kipimo cha mwisho ni lini?"

Nikamwambia alichosema daktari: majuma kumi na mawili baada ya kumeza kidonge cha mwisho, ndipo wanapima kuona kama virusi vimekwisha kweli. Alihesabu kwa vidole, kama anavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza.

"Mwishoni mwa Machi. Basi mpaka mwishoni mwa Machi mimi ni mke wa Deo."

Nikaanza kulia. "Mwanangu, nisamehe."

"Usiniombe msamaha leo, Mama. Leo sina." Akainuka. "Kesho tunakwenda kuchukua chupa. Umekula?"

Kesho yake dirishani mtandao ulikuwa unasumbua. Yule mhudumu aliingiza namba ya kadi, akangoja, akaingiza tena. Stela amesimama pembeni. Nilishika ukingo wa dirisha. Ilipokubali, mhudumu alinisukumia chupa akasema, "Ya mwisho hiyo, mama. Hongera." Nikaifunga kwenye pindo la kitenge.

Nilimeza kidonge cha mwisho baada ya Krismasi. Nilidhani wasiwasi utaisha. Ndiyo kwanza ulianza. Mtu anapomeza dawa kuna kitu anafanya kila siku. Mimi sasa nilikuwa sifanyi kitu, nangoja tu, na katika nyumba ile kulikuwa na mwingine anayengoja pamoja nami kwa sababu yangu. Deo alikuja mara moja, Stela akampa nguo zake zikiwa zimekunjwa vizuri. Majirani walisema mwalimu anaringa. Kaka yake alimpigia simu kila wiki, "Unangoja nini?" na Stela akawa anajibu, "Kuna jambo langu." Hakumtajia ugonjwa wangu.

Sitasema alikuwa malaika. Siku nyingine alipita mbele yangu kama vile mimi ni mpita njia. Mwezi wa pili, mahindi mabichi yameiva, nilimwita aje tule, akanigeukia kwa ukali: "Ningekuwa nimeshamaliza mambo haya mimi! Ningekuwa nimeshaanza maisha yangu!" Kisha akakaa, akachukua hindi, akalimega katikati akanipa nusu. Tukala.

Nikawa najichunguza mwili kama mwizi anayevizia nyumba. Nikiwashwa na mbu, nasema virusi vimerudi. Nikichoka baada ya kupalilia, nasema tena vimerudi. Daktari alikuwa amesema kwamba wachache huhitaji kurudia dawa. Nikirudia, Stela atafungwa miezi sita mingine. Nilianza kupanga kwamba nikiambiwa havijaisha nitamdanganya, nitasema vimeisha, aende zake. Nilikuwa nimeapa kutodanganya tena, na uongo huo niliufanyia mazoezi nikifua nguo.

Damu ilichukuliwa mwishoni mwa Machi. Majibu yalichelewa, wakasema wiki mbili, zikawa tatu. Aprili katikati tukaitwa. Stela alitoka darasani akanikuta kliniki, vidole vyeupe kwa chaki. Tuliingia pamoja, kwa hiyo mpango wangu wa uongo uliishia mlangoni.

Daktari alisoma karatasi, akaigeuza upande wetu ingawa mimi nisingeielewa. "Havijaonekana."

"Yaani viko wapi?" nikauliza.

Akacheka. "Haviko, mama. Umepona. Lile ini bado lina makovu, kwa hiyo kila miezi sita uje tuliangalie. Lakini virusi vimekwisha."

Tulitoka, tukakaa kwenye benchi. Stela alipangusa chaki vidoleni. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa, "Sasa naweza kwenda?"

"Nenda," nikasema. "Na uniandike shahidi."

Ndoa yao ilikuwa ya bomani. Walipita kwanza baraza la usuluhishi la kata, likashindwa, ndipo mambo yakafika Mahakama ya Mwanzo. Nje ya mlango Deo alinishika mkono. "Mama, kweli utanisemea mimi?" Nikamwambia yeye ni mwanangu na atabaki mwanangu, na kwamba mwaka jana nilimsaidia kwa uongo kwa sababu nilikuwa naogopa kufa. Akaniachia mkono. Ndani niliapishwa, nikaeleza ya Kabwe, nikaeleza pia kwamba mbele ya kikao nilisema uongo. Hakimu aliandika kwa mkono, polepole, na mimi nilisubiri baada ya kila sentensi mpaka kalamu isimame. Mzee Osward hanisemeshi hadi leo. Deo anaishi Kabwe. Ananipigia simu Jumapili, tunaongea habari za Kalisto, halafu tunakosa la kusema.

Talaka ilipotoka, jina langu liliondolewa kwenye kadi ya Stela. Alinieleza mwenyewe jinsi ya kujiandikisha bima kwa ajili yangu, akanijazia fomu, na sasa mpunga wangu ndio unaoilipa. Wewe unayesoma haya ukiwa na karatasi mkononi, nenda kaulize uko kwenye kadi ya nani na kwa njia gani. Uliza kabla hujaugua. Na ukipewa tarehe ya kurudi, rudi.

Nilishuka Muze kwenye nyumba yangu. Sikutegemea Stela anitembelee. Kisheria hakuna tena kilichotuunganisha isipokuwa watoto, na alikuwa na haki ya kutoniona. Likizo ya Desemba, mchana wa jua kali, nilimwona Agnes anaingia uani anakimbia, na mama yake nyuma, mkoba kichwani. Stela alisimama karibu na mlango. Niliona anatafuta neno.

"Shikamoo, bibi yake Agnes," akasema.

"Marahaba, karibuni," nikasema, na nikawapokea mizigo. Lilikuwa neno la haki. Nililikubali.

Siku ya kwanza tuliongea kama wageni, habari za shule na za mvua. Siku ya pili alisema nipumzike, yeye atapika. Nilikaa nje na Agnes napeta mchele. Nilimsikia humo jikoni akifunua makopo na kuyafunika.

"Mama," akaita, "chumvi unaweka wapi?"

Ndani kule makopo yalinyamaza. Ungo niliushika palepale ulipokuwa.

"Kwenye kopo la bluu," nikasema. "Pale juu, karibu na dirisha."